Mjusi Akikutikisia Kichwa

Chura wa Bondeni na Kunguru wa Mjini walikaribia kupigana, kisa rap: miaka ijayo itaongozwa na Bondeni au Mjini? Wakamwendea Mjusi, kwa kuwa akikutikisia kichwa, basi umekubalika.

Chura akachana mistari, Mjusi akatikisa kichwa. Kunguru naye akachana, Mjusi akatikisa vilevile.

"Kanikubali mimi!" Walibishana mpaka sauti zikawakauka. Mjusi bado anatikisa tu.

"Mzee Mjusi, sisi tumenyamaza, mbona bado unatikisa? Sasa unamkubali nani?" wakamuuliza.

"Sikilizeni kule kichuguuni."

Kule, mahali ambapo hawakuwahi hata kupafikiria, Nyenje alikuwa akichana.

"Mkwaruzo huo kauchukua kwangu," Kunguru akanong'ona.

"Na besi ni yangu," Chura akanuna.

Walitaka kukasirika, lakini vichwa vyao vilikuwa vimeshaanza kutikisika.