Waliosuka Mkeka

Halmashauri ya mji ilitangaza kwamba mwenye biashara aliyeajiri watu kumi au zaidi atapewa ghala la sokoni bila kodi kwa miaka mitatu. Siwema, muuza mikeka, aliomba. Afisa wa halmashauri alipokuja kibandani kwake kuhesabu wafanyakazi, alimkuta Siwema na dada yake tu.

"Wawili," alisema, akimsogezea fomu. "Tia sahihi hapa, mama."

"Wengine wanasukia majumbani kwao, baba. Wanatuletea kili, zile kanda ndefu walizosuka, na hapa tunazishona tu pamoja ziwe mkeka."

"Mimi nahesabu ninaowaona."

Dada yake alimvuta kanga. "Tia tu, yaishe."

Siwema aliiweka kalamu chini. Alichukua mkeka mpya, akautandaza mlangoni ukaziba njia yote, kisha akaanza kugusa ukili mmoja mmoja.

"Huu wa Bi Chausiku, anabana kama ana ugomvi na ukindu. Huu wa Mwanaidi, unalegea kila anapolia mtoto wake. Huu wa Tabu, anasuka kwa mkono wa kushoto, tazama unavyolala."

Alitaja majina mpaka kumi na moja.

"Haya, hesabu. Sasa unawaona."

Afisa alicheka kidogo, akafunga faili. "Mama, nina safari nyingine. Ondoa mkeka nipite."

"Siuondoi. Andika kumi na moja, au uwakanyage kwa viatu vyako."

Dada yake aliziba mdomo kwa kanga. Afisa alisimama ukingoni mwa mkeka, mguu mmoja juu.