Matofali Mabichi

Siku ya kumi na mbili ya mgomo wafyatuaji walikuta matofali mengine arobaini yamepangwa uani mwa kiwanda, mabichi, bado yananuka saruji.

"Kuna mtu anatuzunguka," alisema Dada Mkubwa.

Yeye ndiye aliyeuitisha huo mgomo. Mashine ya kushindilia udongo ilikuwa imekula vidole viwili vya mdogo wake, meneja akasema mwenyewe alizubaa, basi, kazi iendelee. Dada Mkubwa akaapa: hakuna atakayegusa mpini mpaka mashine ifungwe kinga. Wenzake wote kumi na wanne wakanyoosha mikono.

Sasa macho yalimwelekea Kimya, fundi ambaye hata salamu huitoa kwa kupimapima. Viatu vyake vilijaa udongo mwekundu.

"Udongo tunao wote," Kimya alisema. "Mimi ninao mpaka masikioni."

"Mfukuzeni," alidakia mdogo mtu, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono wa kulia umefungwa kitambaa penye vidole vilivyokatika. "Msaliti haulizwi maswali. Aliyeumia hapa ni mimi."

Dada Mkubwa akatema mate miguuni pa Kimya. Miaka tisa walikuwa wamebebana kazini. Siku alipomzika mumewe, huyu ndiye aliyemshika asianguke kaburini. Hapo ndipo palipomchoma.

Kimya hakurudi nyuma. "Tofali kubwa namna hii, likiwa bichi, halinyanyuliwi kwa ncha za vidole. Utalikumbatia kwa viganja huku na huku, nalo litabaki na mikono yako. Twende tukapime na mikono yangu. Ikilingana, nitaondoka mwenyewe."

"Ya nini kupoteza muda?" Mdogo mtu alikuwa ameshasimama. "Dada, nina watoto watatu nyumbani, mgomo hauliwi. Mfukuze huyu tuyamalize."

"Kaa, mdogo wangu. Nataka atoke hapa ameumbuka."

Akapiga magoti kwenye safu ya mwisho, Kimya nyuma yake, mikono ameitandaza tayari. Akapuliza vumbi. Alama zilikuwa zimeganda vizuri, kama za kuchongwa. Hata mistari ya kiganja ilisomeka.

Upande wa kushoto, vidole vitano.

Upande wa kulia, vitatu.