Kanga na Mizunguko ya Kichuguu

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo jioni, Kanga alishindwa kurukia tawi la kulalia kwa unene, na Bweha alimwona. Kesho yake Kanga akaanza kukimbia kuzunguka kichuguu ili apungue, mara kumi kila siku. Wiki ya tatu akalifikia tawi. Hakutosheka; akazidisha ikawa mara mia, na mtama akaususia.

“Shoga, tawi si umelipata? Sasa unakimbilia wapi?” Kwale alimuuliza.

“Bado paja hili.”

Jioni hiyo Bweha alimjia Kanga, na kwa njaa mbawa zake zikakosa nguvu ya kurukia tawi. Kwale alipiga kelele, Bweha akageuka, Kanga akajipenyeza miibani.

Asubuhi iliyofuata alikula mtama akashiba, kisha akamwambia Kwale, “Tukimbie wote. Wewe ndiye utakayesema basi.”