Sauti Kutoka Jikoni

Muuguzi alikuwa akizungusha tambi kwenye uma aliposikia sahani zikipasuka jikoni, kisha sauti ya mwanamke: "Mama yangu weee!"

Uma ulibaki hewani, mchuzi wa nyanya ukimdondokea kifuani. Miaka mitatu alikuwa akila peke yake katika mkahawa huu wa Kiitaliano, kwa kuwa ulikuwa wa bei nafuu na karibu na hospitali. Huku ugenini, Kiswahili alikisikia kwenye simu tu.

Aliinuka, akasukuma mlango wa jikoni.

"Pole, dada."

Mpishi, aliyekuwa amechuchumaa akiokota vigae, aliinua uso. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka viwikoni.

"Umesemaje?"

"Nimesema pole."

Mpishi aliviachia vigae vikaanguka tena sakafuni. "Hebu rudia, ndugu yangu. Rudia tena."