Kisu cha Kumenyea Ndizi

Siku Kemilembe alipopewa cheti cha ukalimani wa hospitali, alipandikizwa pia kidude nyuma ya sikio, kama sheria inavyotaka. Tangu hapo, kila akitoka getini jioni, yote aliyowatafsiria wagonjwa yanafutika kichwani. Siri za wodini zinabaki wodini, naye anarudi nyumbani mwepesi, akishukuru.

Jioni hiyo alimkuta mama mkwe wake, Ma Kokubanza, jikoni, na sahani ya kahawa za kutafuna mbele yake, kana kwamba anasubiri mgeni wa heshima.

"Karibu, mwanangu. Leo umenisemea vizuri kwa daktari. Kihaya changu chote kimemfikia."

Kemilembe alishtuka. "Kumbe ulikuja hospitali, mama?"

"Nilikuja. Wakalimani mlikuwa wawili, nikakutaka wewe. Asante kwa kunishika mkono mpaka mwisho."

"Daktari alisemaje?"

Ma Kokubanza alitabasamu, akamtilia punje za kahawa kiganjani. "Ulilia kuliko mimi mwenyewe. Na sasa umeingia hapa unacheka! Namshukuru Mungu kwa hilo."

Kisha akachukua kisu chake cha kumenyea ndizi, ambacho kwa miaka kumi na miwili ya ndoa Kemilembe hakuwahi kuruhusiwa kukigusa, akakifuta kwa kitenge, akampa.

"Kuanzia kesho utamenya wewe."

"Asante, mama," alisema Kemilembe, akakipokea kwa mikono miwili. Vidole vyao vilipogusana, mkono wake ukakataa kumwachia, wala hakujua kwa nini.