Kifungu cha Tisa

Katibu wa chama cha wenye meli alikuwa ameshakwenda msalani mara tatu, na saa nne asubuhi haijafika. Alirudi kwenye kiti chake nje ya chumba cha mikutano cha mamlaka ya usafiri wa majini, akafungua jalada, akalifunga, akalifungua tena.

"Tulia, binti," alisema mwenyekiti wa chama, mwenye meli nne na kitambi cha kutosha meli ya tano. "Unanitia kizunguzungu."

"Samahani, mzee."

"Kifungu cha tisa umekiweka sawasawa?"

"Nimekiandika kwa mkono wangu mwenyewe."

"Hakina mwanya?"

"Hata wa kupenya sindano."

Mwenyekiti akaridhika, akarudi kwenye simu yake.

Kifungu cha tisa ndicho kilichowaleta. Mamlaka ilikuwa imetunga kanuni mpya, na rasimu ya kwanza ilitaka meli zilizozidi miaka thelathini zisimame mpaka zikaguliwe upya, kuanzia chini hadi mlingotini. Mwenyekiti alikuwa na moja ya umri huo, na alitaka kifungu kiandikwe upya ili isiguswe. Ndani ya hiyo moja alifanya kazi mdogo wa katibu, fundi wa mitambo, baba wa watoto wanne. Kwa ajili yake katibu hakuwa amepata usingizi wa maana kwa wiki tatu.

Chama kilikuwa na utaratibu wake. Rasimu ikiletwa kwa maoni, katibu huiandika upya, huweka juu muhtasari wa ukurasa mmoja, kisha huwatumia wanachama. Asiyejibu hadi Ijumaa amekubali. Hakuna aliyewahi kujibu. Wenye meli wana shughuli nyingi, na muhtasari unawatosha. Mwenyekiti hutia saini, waraka huenda mamlaka, na mamlaka, yenye mwanasheria mmoja na milima ya majalada, hubadilisha kichwa cha barua tu. Mwaka juzi hata makosa ya chapa yalipita yalivyo, yakawa sheria ya nchi.

Simu ikaita. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu, lile jambo la ndugu yako limeisha?"

"Bado, mama. Ndiyo tunataka kuingia."

"Uliniahidi. Wale watoto hawana mwingine."

"Sijasahau, mama."

Akakata, akampigia mdogo wake.

"Mnaondoka saa ngapi?"

"Saa saba kamili, dada. Abiria wameanza kupanda."

"Pampu je?"

"Ileile. Tunaisaidia kwa ndoo." Akacheka peke yake. "Wewe pambana huko. Wakitufungia meli, wanangu watakula nini?"

"Kaa karibu na simu," katibu akasema.

Wakaitwa ndani. Mkurugenzi wa mamlaka alikuwa na waraka wao mezani, na pembeni yake mwanasheria wake, aliyekuwa akimtazama mwenyekiti kama mtu anayeona ajabu.

"Kifungu cha tisa tumekiacha kama mlivyokileta," mkurugenzi alisema. "Mwanasheria wangu amekisoma mara mbili."

Katibu akafunga jalada lake. Miaka sita amewaletea nyaraka watu hawa hawazisomi, na leo ndiyo siku waliyoona vema kuanza! Akakaza macho kwenye jagi la maji, akaomba kimoyomoyo mtu yeyote asikisome kwa sauti.

"Akisome hata mara kumi," alisema mwenyekiti. "Sisi tunajua tunachotaka."

"Nasi hatuna pingamizi. Limebaki moja tu, kianze lini. Tulifikiri tuwape miezi sita..."

"Miezi sita ya nini?" Mwenyekiti akapiga meza. "Kianze leo hii!"

Mkurugenzi akavua miwani. "Leo? Mna hakika?"

"Wanachama wote wameridhia. Hakupinga hata mmoja. Au vipi, katibu?"

"Hakupinga hata mmoja," katibu akasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Basi miaka yote hii nimewafikiria vibaya," alisema mkurugenzi, akatia saini, akagonga muhuri. "Leo nawavulia kofia."

Mwenyekiti alivimba kichwa papo hapo. Chai ikaletwa, naye akaanza kumweleza mwanasheria jinsi alivyonunua meli yake ya kwanza, hadithi ambayo ofisi nzima ya chama iliijua kwa moyo. Katibu alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasoro robo. Akaomba radhi, akatoka, akashuka ngazi mbilimbili hadi uani, huku anabonyeza namba za mdogo wake na kuzikosea, anafuta, anabonyeza tena.

"Dada! Kimepita?"

"Kimepita."

"Mungu mkubwa! Ngoja niwaambie wenzangu, tuendelee na safari."

"Waambie wateremshe abiria wote, kisha nanyi mteremke," alisema katibu. "Kuanzia leo meli ya umri huo hairuhusiwi kung'oa nanga, na aliyeomba ni tajiri yenu mwenyewe, kwa saini yake."