Matamasha Kumi na Saba

Aron aliingia uwanjani kwa Mzee Abrahamu akimburuta mkewe, na hata shikamoo hakutoa. Mdomo wa Rahabu ulikuwa umepasuka, damu imemkaukia kidevuni. Mkono mmoja wa Aron ulimshika yeye, wa pili ulishika simu ya mkewe.

Watu tisa walikuwa wakiwangoja, karibu wote wamekaa kwenye mabenchi. Mwenye mji, Mzee Abrahamu, ni baba mkubwa wa Aron. Upande wa mke alikuwepo Modesta, mama mzazi wa Rahabu, amempakata Esteria, mjukuu wake wa miaka minne. Na alikuwepo Kristian, kaka yake Rahabu, amesimama na panga.

Panga hilo alipewa na Aron mwenyewe asubuhi ile, limenolewa mpaka linang'aa. Alimuuliza shemeji yake kama mwanamume anayemchezea dada yake atamwangalia tu. Kristian si mtu wa maneno mengi. Alilipokea, akaapa mbele ya mama yake kwamba huyo mtu akitajwa, jua halitazama kabla hajamkata. Hasira za kijinga, lakini ndizo alizokuwa nazo.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Rahabu anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya usharika pale Mlalo, na wanakwaya wengi wana ile programu ya akili mnemba kwenye simu. Ukitoka tamashani unaisimulia, nayo inakuandikia siku, mahali, idadi ya nyimbo na jina la msanii. Aron, ambaye kazi yake ni kupasua mbao kule Shume, juzi aliifungua kwenye simu ya mkewe akakuta ameandikisha matamasha kumi na saba kwa mwaka mmoja. Kwaya yenyewe ilikuwa imealikwa mara mbili tu.

Mzee Abrahamu hakuzunguka. Alisema kama kuna mwanamume, basi Rahabu ataondoka leo hii na nguo alizovaa, na Esteria atabaki kwa baba yake. Rahabu alimtazama mwanawe, kisha akatazama chini. Hicho ndicho kitu pekee alichokuwa anakiogopa.

Aron akaiweka simu benchini, akaiamuru isome.

"Tamasha la kwanza," ikasema simu, kwa adabu zote za mtangazaji wa redio. "Mlango umefungwa. Nyimbo mbili. Dakika tano. Watazamaji, hakuna."

Mzee mmoja akaguna, akauliza ni muziki gani huo usio na watazamaji. Aron akadakia kwamba ndiyo hayo anayoyasema siku zote, walikuwa wawili tu na mlango umefungwa, sasa wanataka ushahidi gani tena?

Simu ikaendelea. La tano, nyimbo sita. La saba, nyimbo tatu, na Rahabu alikaa mbele kabisa, karibu na msanii. Hapo kina mama wakainamisha vichwa kwa aibu.

La kumi lilikuwa siku ya gulio, mwezi wa nne, nyimbo kumi na mbili. Modesta akashtuka. Siku hiyo anaikumbuka vizuri, maana ndiyo siku aliyompeleka binti yake hospitali mkono umevunjika, ikasemwa ameteleza kwenye matope na tenga la kabichi. Sasa mtu aliyevunjika mkono alikwenda kwenye muziki saa ngapi? Alitaka kuuliza, ila aibu ilishamjaa.

Kila tamasha lilimalizikia mahali pale pale. Jina la msanii limefungwa, ilisema simu, na linafunguliwa kwa sauti ya mwenye simu tu.

Aron akamwambia mkewe alifungue. Rahabu akatikisa kichwa.

Aron akamtandika kofi. Esteria akaziba masikio kwa vidole, haraka, bila hata kulia, kama mtoto aliyezoea. Aron akaongeza la pili, na hilo lilimwangusha Rahabu magotini. Hakuna aliyenyanyuka kumsaidia, kwa kuwa mkosaji alishajulikana. Mama yake mwenyewe alikuwa anatazama pembeni.

"Mtaje, Rahabu," akasema Kristian. "Nimeapa."

Rahabu akatema damu kwenye nyasi. Akasimama polepole, akaichukua simu kutoka benchini, akaisogeza mdomoni.

"Andika tamasha la kumi na nane," akasema, na sauti yake ilikuwa imetulia. "Leo mchana, uwanjani kwa Mzee Abrahamu. Nyimbo mbili. Watazamaji, tisa. Na jina la msanii, lifungue."

"Nimeandika," ikajibu simu. "Msanii ni Aron, kama siku zote?"

Kristian alikuwa hajaliweka panga chini.